Konokono wa Kisiwa Kimoja: Majibu kwa Maswali ya Wasomaji

Katika toleo lililopita tulichapisha habari fupi kuhusu konokono wadogo wa nchi kavu waliozalishwa Uingereza na kurudishwa porini katika visiwa vya Desertas, karibu na Madeira. Habari ile ilikuwa na aya mbili tu, lakini barua zilizotufikia kutoka Mwanza mjini, Ukerewe, Sengerema na Kome zinaonyesha kwamba wasomaji wanataka kujua zaidi. Tumechagua maswali sita, na kila moja tumelijibu kwa urefu uliolistahili.

Swali: Shikamoo mwandishi. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano hapa Nansio. Mliandika kwamba konokono hao hawakuwa wakipatikana popote duniani isipokuwa katika kisiwa kimoja. Sisi wa Ukerewe tunaishi kisiwani, na wanyama tunaowaona huku ni wale wale wa Bunda na Musoma. Inakuwaje kiumbe awe wa kisiwa kimoja peke yake? Na ilikuwaje hata akakaribia kutoweka?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kisiwa chenyewe kinaitwa Deserta Grande, na ndicho kikubwa kati ya visiwa vitatu vya Desertas vilivyoko kusini-mashariki mwa Madeira, katika bahari ya Atlantiki, chini ya nchi ya Ureno. Nasema kikubwa, lakini eneo lake ni kama kilomita za mraba 10 tu, ilhali Ukerewe yenu ina takriban kilomita za mraba 530. Ni kisiwa kirefu na chembamba, kikavu, chenye magenge ya mawe yanayoshuka wima hadi baharini. Humo ndimo walimoishi konokono wa aina mbili tuliowataja, Discula lyelliana na Geomitra grabhami, ambao kila mmoja akishakua analingana na punje ya mbaazi.

Tofauti kati ya kisiwa kile na Ukerewe iko katika historia yake. Deserta Grande ni mlima wa volkano uliochomoza kutoka chini ya bahari, na haujawahi kuungana na bara lolote. Kila kiumbe kilichofika pale kilifika kwa bahati, na kikishafika hakikuwa na njia ya kurudi wala ya kukutana na wenzake wa bara. Konokono wa ukubwa wa mbaazi huzaliwa, huzaa na kufa ndani ya eneo dogo kabisa la mawe. Vizazi vikifuatana kwa maelfu bila kuchanganya damu na wengine, mabadiliko madogo madogo hujikusanya, mpaka kiumbe kinakuwa aina yake chenyewe, isiyo na ndugu wa karibu mahali pengine.

Ukerewe haikupata utengano wa namna hiyo. Ziwa Viktoria lilikauka miaka kama 15,000 iliyopita, na wakati ule visiwa vyetu vilikuwa vilima ambavyo mnyama yeyote angeweza kuvifikia kwa miguu. Hata leo, maji yanayokutenganisha na Bunda ni ule mlango mwembamba wa Rugezi mnaouvuka kwa kivuko kwenda Kisorya. Ndiyo maana wanyama wako wa nchi kavu ni wale wale wa Bunda. Viumbe wa pekee wa kwetu wako ndani ya maji, na nitawaeleza nikimjibu mvuvi wa Kome.

Sasa kuhusu kukaribia kutoweka. Watu walipeleka mbuzi katika kisiwa kile, na pamoja na vyombo vyao wakafika panya wa aina mbalimbali. Mbuzi walikula mimea iliyoshika udongo na kuweka kivuli, na konokono wa nchi kavu hana maisha bila unyevu: mwili wake mzima ni laini na hutoa ute kila anapotembea, na maji yakimwishia hufa. Jua likizidi hujifungia ndani ya gamba lake na kuziba mlango kwa kiwambo chembamba cha ute kinachokauka, akangoja mvua. Lakini kungoja kuna mwisho, na kiwambo hicho si kinga dhidi ya panya, ambaye hutafuna gamba lenyewe.

Kwa muda wa karibu miaka 100 hakuna aliyeripoti kuwaona, na wataalamu wakaamini kwamba wameisha. Kisha, katika safari za utafiti za kati ya mwaka 2012 na 2017, walionekana tena wachache, wasiofika 200, waking'ang'ania kwenye magenge. Konokono 60 walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Chester, Uingereza. Hakuna mtu aliyewahi kuwafuga kabla ya hapo, kwa hiyo watunzaji walilazimika kujifunza kila kitu kuanzia mwanzo: chakula gani, unyevu kiasi gani, majani yapi. Mwishoni mwa mwaka 2024 zaidi ya konokono 1,300, kila mmoja akiwa na alama ndogo ya rangi juu ya gamba ili atambulike baadaye, waliachiwa katika kisiwa jirani cha Bugio. Bugio kilichaguliwa kwa sababu mbuzi na panya walikwisha kuondolewa huko. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu muhimu kuliko zote katika habari hii. Kumzalisha konokono kunawezekana kwa subira, lakini kumrudisha mahali ambapo kilichommaliza bado kipo ni kumpeleka akafe.

Swali: Mimi ni mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi, Igoma. Wanafunzi wangu wameniuliza jambo ambalo nashindwa kulijibu kwa uhakika. Kama kisiwa kilitoka chini ya bahari, konokono asiyejua kuogelea alifikaje?

Jibu: Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza swali lililomsumbua Charles Darwin mwenyewe. Yeye alichukua konokono wa nchi kavu waliokuwa wamejifungia ndani ya magamba yao, akawatumbukiza katika maji ya bahari, na akaona kwamba mmoja wao, wa aina ya Helix pomatia, alihimili siku 20 na akapona. Siku 20 juu ya gogo linaloelea, likisukumwa na mkondo wa bahari, ni safari ndefu sana.

Njia ya pili ni ndege. Konokono wadogo, na hasa mayai na vifaranga vyao, hunasa kwenye manyoya au kwenye tope la miguuni. Na kuna njia ya tatu ambayo naamini darasa lako litaipenda. Huko Japani, katika kisiwa cha Hahajima, watafiti waliwalisha ndege konokono wa aina ya Tornatellides boeningi, ambao gamba lao lina urefu wa milimita 2 na nusu hivi, kisha wakachunguza vinyesi. Katika utafiti huo uliotangazwa mwaka 2011, takriban asilimia 15 ya konokono waliomezwa walitoka wakiwa hai, na mmoja alizaa muda mfupi baada ya kutoka. Udogo ndio uliowaokoa, kwa kuwa gamba dogo linapita bila kuvunjika. Miongoni mwa ndege waliotumika ni wa jamii ya wale vindege wa kijani wenye pete nyeupe kuzunguka macho, ambao hata Mwanza wapo mitini.

Waambie pia kwamba konokono wengi wa nchi kavu huwa na via vya uzazi vya kiume na vya kike katika mwili mmoja, na wapo wanaoweza kuzaa bila mwenzi. Kwa hiyo mara nyingine msafiri mmoja anatosha kuanzisha ukoo.

Swali: Watoto wangu huokota konokono uani na kuwachezea. Tunaishi Ilemela karibu na ziwa, na tunasikia kila siku kwamba konokono huleta kichocho. Je, hawa wa uani nao ni hatari?

Jibu: Konokono wa nchi kavu haambukizi kichocho. Wanaobeba vimelea hivyo kwetu ni konokono wa majini, hasa wa jamii ya Biomphalaria, wenye gamba bapa lililojiviringa, wanaoishi kwenye nyasi na matete ya ufukweni. Vimelea hutoka kwa konokono huyo, huelea majini na kupenya ngozi ya anayeoga, anayefua au anayechota maji. Yaani hatari iko katika kuingia majini, na mtu anaweza kuambukizwa bila kumgusa konokono hata mmoja. Hata hivyo, watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wanapomshika konokono wa aina yoyote, kwa sababu ute wake unaweza kuwa na vimelea vya magonjwa mengine. Mtoto mwenye maumivu ya tumbo ya mara kwa mara au damu kwenye choo apelekwe kituo cha afya akapimwe, maana dawa ya kichocho ipo na inaponya.

Swali: Nina bustani ya mchicha na sukuma wiki hapa Buswelu. Mvua zikianza, konokono wakubwa wananimalizia miche usiku mmoja. Jirani amenishauri nitafute mdudu au mnyama wa kuwala niwaachie shambani. Mnaonaje?

Jibu: Mama, pole sana kwa hasara. Ushauri wa jirani yako umetolewa kwa nia njema, lakini umewahi kufanyiwa kazi mahali pengine kwa kiwango kikubwa, na matokeo yake ni moja ya misiba mikubwa katika historia ya viumbe wadogo wa visiwani. Naomba nikueleze kwa urefu kidogo, kwa sababu msiba huo ulianzia kwetu.

Kuna konokono mkubwa ambaye asili yake ni ukanda wa pwani ya Afrika Mashariki, aitwaye kitaalamu Lissachatina fulica. Watu walimsafirisha kupitia visiwa vya Bahari ya Hindi hadi Asia na Pasifiki, wengine wakimpeleka kama kitoweo, na huko alikofika akawa mharibifu wa mazao. Alifika Tahiti mwaka 1967. Wakulima walipolalamika, serikali ya huko ilileta mwaka 1974 konokono mwingine kutoka Florida, Marekani, aitwaye Euglandina rosea, ambaye hula konokono wenzake. Mwaka 1977 akapelekwa katika kisiwa cha jirani cha Moorea.

Konokono huyu wa Florida ni mwindaji hodari. Hunusa mkondo wa ute ulioachwa na konokono mwingine, akaufuata juu ya majani mpaka amfikie mwenyewe. Ila hakujali sana yule mkubwa aliyeletewa. Aliwageukia konokono wadogo wa miti wa jamii ya Partula, ambao walikuwa wa visiwa vile tu, wenye magamba mazuri ambayo wenyeji waliyatunga kuwa mikufu. Kufikia mwaka 1987 watafiti hawakumpata tena Partula hata mmoja porini Moorea. Waliojulikana kusalia walikuwa katika maabara na bustani za wanyama za mbali, na kazi ya kuwarudisha ilianza mwaka 2015. Huko Hawaii walileta mwindaji huyo huyo mwaka 1955, na hata konokono mla wenzake kutoka Kibwezi, Kenya, alipelekwa kwa kazi hiyo hiyo. Leo sehemu kubwa ya konokono wa asili wa Hawaii, waliokuwa zaidi ya aina 750, wametoweka.

Kwa hiyo usimwachie shambani mnyama usiyejua atakula nini akishamaliza ulichomkusudia. Okota konokono kwa mkono, ukiwa na glavu, jioni baada ya mvua au alfajiri kabla jua halijapanda, na ufanye hivyo mfululizo kwa wiki kadhaa. Ondoa mbao, matofali na marundo ya magugu wanapojificha mchana, na ukifukua vishada vya mayai meupe udongoni uvivunje. Mwagilia asubuhi badala ya jioni, ili usiku udongo wa juu uwe umekauka. Majivu makavu kuzunguka miche husaidia mpaka yatakapolowa. Chumvi usiitumie kabisa, kwa sababu itaharibu udongo wako kuliko konokono wenyewe. Kama una bata, wafungulie kwa muda ukiwasimamia, kisha warudishe bandani. Na mboga zako uzioshe vizuri kabla ya kupika.

Swali: Mimi ni mvuvi, Kisiwa cha Kome. Nimesoma habari yenu nikasikitika. Watu wazima wanasafirisha konokono wa ukubwa wa mbaazi, wanampaka rangi, wanamjengea nyumba, wakati huku kwetu samaki wamepungua na nyavu ni ghali. Konokono huyo ana faida gani kwa mtu yeyote?

Jibu: Ndugu yangu, siwezi kulipuuza swali hili, maana limeulizwa na mtu anayeamka usiku kutafuta riziki ya watoto. Fedha za Chester hutoka kwa sehemu kubwa katika viingilio vya wageni wanaotembelea bustani ile, kwa hiyo hazikutolewa katika mfuko wa nyavu zako. Lakini najua hilo halijibu ulichouliza.

Wewe unawajua furu, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Katika miaka ya 1970, kabla hali haijabadilika, furu walikuwa kama asilimia 80 ya uzito wa samaki wote waliokuwa wakivuliwa kwa nyavu za kukokota chini ya ziwa. Walikuwa zaidi ya aina 500, karibu wote wa ziwa hili peke yake, kama vile konokono wale walivyokuwa wa Deserta Grande peke yake. Kila aina ilikuwa na kazi yake: kulikuwa na wala mwani, wala wadudu, wala matope ya chini, wala samaki wenzao, na wapo waliokuwa wakivunja magamba ya konokono, miongoni mwao wale wa kichocho. Wataalamu kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walioweka kambi Mwanza tangu mwaka 1977, walikuwa bado wanaziorodhesha aina hizo wakati zilipoanza kupotea mbele ya macho yao.

Sangara alikuwa ameletwa ziwani katika miaka ya 1950 na ya 1960. Miaka ya 1980 aliongezeka ghafla, na inakadiriwa kwamba aina 200 hivi za furu zilitoweka. Sitasema kwamba sangara hakuleta kitu. Alileta viwanda vya minofu, ajira na fedha za kigeni, na wewe mwenyewe huenda umesomesha watoto kwa sangara. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyepewa nafasi ya kuchagua kati ya hayo na yale yaliyopotea, kwa sababu wakati uamuzi unafanywa hakuna aliyejua furu wa ziwa hili ni wangapi wala kila mmoja anafanya nini.

Ukipita kwenye visiwa vya mawe kama Makobe, maji yakiwa maangavu, utamwona furu ambaye dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa manjano. Jina lake la kitaalamu ni Pundamilia nyererei, na neno nyererei alipewa mwaka 1985 kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Furu huyu hukaa kwenye mawe yake, havuki maji makuu, na kwake yeye kila rundo la mawe ni kisiwa. Jike humtambua dume wa aina yake kwa rangi. Pale ambapo maji ya Ghuba ya Mwanza yamechafuka kwa udongo na mbolea zinazotoka mashambani na mjini, rangi hazionekani vizuri, na watafiti wamekuta furu wekundu na ndugu zao wa buluu wakizaliana mpaka tofauti kati yao inafifia. Samaki huyo hakuvuliwa kupita kiasi wala hakuliwa na sangara. Anapotea kwa sababu maji yamekuwa machafu, na maji hayo hayo ndimo sato na dagaa wako wanamokulia.

Hivyo ndivyo ninavyomtazama konokono wa Deserta Grande. Hakuna atakayemla wala kumuuza. Lakini magenge yaliyomshinda yeye yalikuwa yamekwisha kupoteza majani na udongo wake kabla ya mtu yeyote kuuliza konokono wako wapi.

Swali: Mimi ni kijana wa Sengerema, nimemaliza chuo na napenda sana mambo haya. Watu wanajuaje kwamba kiumbe kidogo namna hiyo kimetoweka kweli? Na je, mtu wa kawaida kama mimi anaweza kuwatafuta konokono wadogo wa huku kwetu?

Jibu: Mara nyingine hukosea. Katika kisiwa cha Aldabra, Shelisheli, alikuwepo konokono mwenye mistari aitwaye Rhachistia aldabrae, ambaye hakupatikana kwingine. Mara ya mwisho alionekana mwaka 1997, na mwaka 2007 ilitangazwa katika jarida la kisayansi kwamba ametoweka kwa sababu ya kupungua kwa mvua. Tarehe 23 Agosti 2014, wafanyakazi wa hifadhi waliokuwa upande wa Malabar, sehemu ya Aldabra ambayo watu hawafiki mara kwa mara, waliwakuta saba wakiwa hai.

Mara nyingine hakuna kosa lolote. Huko Oahu, Hawaii, konokono wa mwisho kujulikana wa aina ya Achatinella apexfulva, aliyepewa jina la George, alikufa maabara tarehe 1 Januari 2019 akiwa na umri wa miaka 14 hivi. Walikuwa wamemtafutia mwenzake kwa miaka mingi bila kumpata. Kwa jumla, katika orodha ya kimataifa ya viumbe waliotoweka tangu mwaka 1500, konokono na jamaa zao ni wengi kuliko mamalia na ndege wakijumlishwa pamoja, na wengi wao walikuwa wa visiwani.

Kuhusu wewe mwenyewe, unaweza, na vifaa vyake si vya gharama. Nenda siku moja au mbili baada ya mvua kubwa, mahali penye miti ya asili na mawe, kwa kuwa konokono wanahitaji kivuli na madini ya chokaa kwa ajili ya magamba. Chota majani yaliyooza, yaanike, kisha yachekeche juu ya karatasi nyeupe, na uikague karatasi polepole kwa lenzi ya mkononi. Magamba matupu yanatosha kwa kuanzia, na huna haja ya kuua. Ukigeuza jiwe, lirudishe lilivyokuwa, maana unyevu wa chini yake ndio makazi yenyewe. Saanane na Rubondo ni hifadhi za taifa, kwa hiyo huko usiokote chochote bila kibali cha TANAPA. Na usimhamishe konokono aliye hai kutoka kisiwa kimoja kwenda kingine, hata kama unakusudia kumfuga tu.

Kila gamba liweke katika kichupa chake pamoja na kipande cha karatasi ulichoandika kwa penseli: tarehe, kijiji, aina ya mahali, kama ni chini ya jiwe au kwenye majani au juu ya gome la mti, na jina lako. Tumia penseli kwa sababu wino hufutika ukipata maji. Gamba lisilo na maelezo hayo, hata liwe zuri namna gani, mtaalamu hawezi kulifanyia kazi.